Nyaraka za kiendelezi cha PostgreSQL: README, mwongozo wa DocBook, COMMENT au tovuti yake?

Toleo la 13 la PostgreSQL, mfumo wa hifadhidata, lilipotoka mwaka 2020, kiendelezi cha pg_stat_statements (programu ya nyongeza inayoweka takwimu za maulizo) kilikuja na badiliko lililowagusa wengi. Safu ya total_time ilibadilishwa jina ikawa total_exec_time, na kando yake ikaongezwa total_plan_time. Kila ulizo la kutafuta kazi nzito kwenye seva lililonakiliwa kutoka ukurasa wa zamani likagoma: safu hiyo haipo.

Hilo lilitarajiwa. Linalosumbua zaidi ni upande wa pili. Seva ikipandishwa hadi 13 kwa pg_upgrade, zana ya kupandisha toleo, viendelezi vyake havipandi vyenyewe. Inawezekana kabisa seva iwe 13 huku pg_stat_statements ikiwa bado toleo 1.7, na hapo total_time ingalipo, total_exec_time ndiyo haijulikani, mpaka msimamizi aendeshe ALTER EXTENSION pg_stat_statements UPDATE na kuifikisha 1.8. Msimamizi huyo akifungua mwongozo wa 13, mwongozo sahihi usio na kosa hata moja, anaelezwa kitu ambacho hifadhidata yake haina.

Kwa hiyo anayehuisha nyaraka za kiendelezi anafukuzana na namba mbili kwa wakati mmoja: toleo la seva na toleo la kiendelezi. Mahali unapoziweka nyaraka ndipo panapoamua ni namba ipi itafuatwa vizuri na ipi itaachwa nyuma. Naomba ulipime hilo kabla ya urembo wa kurasa na kabla ya zana unayoipenda, kwa sababu kuandika mara ya kwanza ni kazi ndogo. Kazi kubwa ni kusahihisha mara ya ishirini, tena baada ya mwandishi wa kwanza kuondoka.

Vigezo

Nitazipima njia nne kwa maswali manne yaleyale.

*Usomaji:* msomaji anazikuta nyaraka akiwa wapi, na anahitaji nini ili azione?

*Toleo:* anajuaje kwamba anachosoma kinahusu toleo lililo kwenye seva yake?

*Usahihishaji:* kurekebisha mstari mmoja kunadai nini, na rekebisho linamfikia msomaji lini?

*Mifano:* mfano ukiacha kufanya kazi, nani atakuwa wa kwanza kugundua?

Njia ya kwanza: faili ya README kando ya msimbo

Hapa ndipo moduli za contrib, yaani viendelezi vinavyosafiri na PostgreSQL yenyewe, zilipoanzia. Hadi 8.2, maelezo ya moduli nyingi yalikaa kwenye README ndani ya folda zake. Toleo 8.3, la mwaka 2008, ndilo lililoyahamishia kwenye mwongozo mkuu. Kwa viendelezi vinavyotengenezwa nje ya mradi wenyewe, README bado ni chaguo linalotumika sana, na lina sababu zake.

*Usomaji.* Anayetembelea hazina ya msimbo anaiona bila kujenga wala kusakinisha chochote. Aliyepata kiendelezi kupitia vifurushi vya mfumo wake hana bahati hiyo, huenda hata asijue kuwa kuna README. Dawa ipo na ni mstari mmoja: Makefile inayotumia PGXS, mfumo wa PostgreSQL wa kujenga viendelezi, ina kigeugeu kinachoitwa DOCS, na faili utakazozitaja hapo husakinishwa pamoja na kiendelezi chini ya folda ya nyaraka, ile inayoonyeshwa na pg_config --docdir. Ukisambaza kupitia PGXN, mtandao wa kusambaza viendelezi, faili ya META.json nayo ina sehemu ya kutaja faili ya nyaraka ya kila kiendelezi, yaani docfile, ili ionekane kwenye ukurasa wa kifurushi.

*Toleo.* Hapa README inayumba. Inayoonekana ukifungua hazina ni ya tawi kuu, yaani ya kazi inayoendelea, ilhali msomaji ana toleo la mwaka jana. Kumwelekeza kwenye lebo ya toleo lake kunasaidia endapo atakumbuka kufanya hivyo. Njia ninayoipenda zaidi ni ile ya pgvector, kiendelezi cha vekta, ambayo README yake ndiyo mwongozo wake: majedwali yake ya rejea yana safu inayotaja toleo ambamo fanksheni au opereta fulani iliongezwa. Msomaji mwenye 0.6 akikuta 0.7.0 kando ya binary_quantize anajua mara moja kwa nini seva yake inaikana. Mbinu hiyo inatosha kwa vitu vipya tu. Kwa vitu vilivyobadilishwa jina unahitaji sentensi kamili, mfano: "hadi 1.7 safu hii iliitwa total_time". Sentensi kama hiyo isifutwe katika usafi wa kwanza unaofuata, kwa kuwa bado kuna seva zinazoihitaji.

*Usahihishaji.* Hakuna njia nafuu kuliko hii. Badiliko la msimbo na badiliko la maelezo vinakwenda pamoja, mkaguzi anaviona vyote kwenye ukurasa mmoja, na anaweza kukataa kimoja kisipokuwepo kingine.

*Mifano.* Hakuna anayeijaribu, isipokuwa uamue. Lakini majaribio yapo jirani: kiendelezi kilichopangwa vizuri kina folda ya sql yenye maulizo na folda ya expected yenye majibu yanayotarajiwa, na make installcheck hulinganisha hizo mbili. Chukua kila mfano wa README uuweke humo kama ulivyo. Siku fanksheni itakapobadilika, jaribio litaanguka na utakumbushwa kuwa kuna maandishi ya kurekebisha.

*Inamfaa* mwenye kiendelezi kidogo chenye watunzaji wachache na fanksheni zinazoelezeka katika usomaji wa mara moja. Ukiona faili inahitaji yaliyomo yake yenyewe na wasomaji bado wanapotea, imeshazidi uwezo wake.

Njia ya pili: mwongozo wa DocBook

Njia hii, ya kutumia DocBook (lebo za XML za kuandikia vitabu vya kiufundi), ina sura mbili. Moduli zinazosafiri na PostgreSQL yenyewe, kama pg_trgm, hstore na postgres_fdw, zinaelezwa kwenye Kiambatisho F cha mwongozo mkuu. Mradi wa nje unaweza pia kuwa na kitabu chake cha DocBook, kama PostGIS, kiendelezi cha data za kijiografia.

*Usomaji.* Ndiyo njia yenye hadhi kuliko zote: kurasa za wavuti, PDF, hata kurasa za man kwa baadhi ya sehemu, zote kutoka chanzo kimoja, na viungo vinavyompeleka msomaji moja kwa moja kwenye maelezo ya amri husika. Anayesoma kuhusu kiendelezi hahami mazingira aliyoyazoea.

*Toleo.* Kwa namba ya seva, hakuna inayoishinda. Kila toleo kuu lina nakala yake ya mwongozo, nayo haichanganyiki na nyingine. Kwa namba ya kiendelezi ndipo ufa ulipo, ule niliouonyesha mwanzoni: mwongozo unachukulia kuwa kiendelezi kiko kwenye toleo linalokuja kwa chaguo-msingi na seva hiyo. Aliyepandisha seva bila kupandisha kiendelezi hana ukurasa wake.

*Usahihishaji.* Hapa kuna kazi, na ni haki kuisema wazi. Faili ziko doc/src/sgml na jina lake linaishia .sgml, ingawa tangu toleo 11 ndani yake ni XML ya DocBook. Mgeni huchanganyikiwa hapo. Moduli mpya haitoshi kuandikiwa faili, sharti itajwe pia kwenye filelist.sgml na contrib.sgml, la sivyo haitokei popote. Lebo moja isiyofungwa inazuia mwongozo wote kujengwa, kwa hiyo endesha make check ndani ya folda hiyo kabla ya kutuma chochote. Kisha kuna suala la matawi: kila toleo kuu linahudumiwa kwa miaka mitano, na kosa lililokuwepo tangu zamani linafaa kurekebishwa kwenye matawi yote yanayohudumiwa, si kwenye tawi la maendeleo pekee. Rekebisho lenyewe humfikia msomaji wa matoleo yaliyokwisha kutoka pamoja na toleo dogo linalofuata, na hayo hupangwa Februari, Mei, Agosti na Novemba. Neno lililokosewa mwanzoni mwa Juni linaweza kusubiri hadi Agosti.

Unachopata kwa gharama hiyo ni uangalifu. Tazama maelezo ya total_plan_time. Kusema tu kuwa ni jumla ya muda uliotumika kupanga maulizo, kwa milisekunde, kungetosha kisarufi. Mwongozo unaongeza sharti: ni hivyo endapo pg_stat_statements.track_planning imewashwa, vinginevyo ni sifuri. Na kwa chaguo-msingi imezimwa. Bila kipande hicho, msimamizi angeona sifuri kwenye kila mstari na kuhitimisha kwamba kupanga maulizo hakumgharimu chochote. Maelezo ya safu moja yameziba hitimisho la uongo, na kazi ya namna hiyo huja pale ambapo kila sentensi inapita mikononi mwa mtu anayeujua msimbo.

*Mifano.* make check inakuhakikishia kuwa lebo zimefungwa. Haikuhakikishii kuwa ulizo lililomo linaendeshwa. Mfano uliokufa unaweza kulala humo miaka.

*Inamfaa* anayechangia moduli za contrib, ambaye hana uchaguzi mwingine, na mradi mkubwa wenye mamia ya fanksheni na watu walio tayari kujifunza zana.

Njia ya tatu: COMMENT ndani ya hifadhidata

COMMENT ni amri ya SQL inayoambatisha maelezo kwenye kitu kilicho ndani ya hifadhidata. Wengi hawaihesabu kama nyaraka. Mimi naihesabu, kwa kuwa ndiyo pekee inayokaa mahali kiendelezi chenyewe kinapokaa.

*Usomaji.* Msomaji yuko ndani ya psql, programu ya kuandikia amri za PostgreSQL. Anaandika \dx kuona viendelezi na maelezo yao, \df+ kuona fanksheni na maelezo yake, na hahitaji intaneti. Kwenye seva zilizofungiwa mbali na mtandao wa nje, mara nyingi haya ndiyo maelezo pekee yaliyopo. Angalizo moja: maoni hayana ulinzi wowote, kila aliyeunganishwa kwenye hifadhidata anaweza kuyasoma yote, kwa hiyo siri isiingie humo kamwe.

*Toleo.* Kinadharia ni kamilifu, maana maelezo yamesakinishwa pamoja na kitu kinachoelezwa. Kivitendo kuna mitego mitatu, na nitaieleza taratibu kwa sababu ni rahisi kuikanyaga.

Wa kwanza ni faili ya control, inayobeba taarifa za msingi za kiendelezi. Mstari wake wa comment hutumika kiendelezi kinapoundwa tu. Wakati wa kuhuisha hautumiki, na ni kwa makusudi, ili usifute maelezo ambayo msimamizi ameyaandika mwenyewe. Matokeo yake, pg_available_extensions inasoma faili iliyoko kwenye diski na kuonyesha maelezo mapya, huku \dx ikionyesha ya zamani yaliyohifadhiwa ndani. Kiendelezi kimoja, maelezo mawili.

Wa pili ni skripti. Ukiandika COMMENT ON FUNCTION kwenye skripti ya usakinishaji wa mwanzo pekee, aliyekwisha kusakinisha haipati. Sharti iwe kwenye skripti ya kuhuisha, ile yenye jina la mfano mylib--1.1--1.2.sql.

Wa tatu ni wa kimyakimya zaidi. CREATE OR REPLACE FUNCTION huacha maoni ya zamani yakiwa yamebaki palepale. Fanksheni imebadilika tabia, maelezo yanasimulia tabia ya jana, na hakuna onyo. Ukiifuta na kuiunda upya, maoni yanapotea kabisa. Kila skripti inayogusa fanksheni ikaguliwe kwa swali hili: je, maoni yake bado ni ya kweli?

*Usahihishaji.* Ghali kuliko zote. Kosa la herufi moja linadai toleo jipya la kiendelezi, kisha kila msimamizi aendeshe ALTER EXTENSION kwenye kila hifadhidata aliyokisakinisha.

*Mifano.* Si mahali pake. Kila kitu kina nafasi ya maoni moja tu, na ukiandika mapya, ya zamani yanafutika. Sentensi moja au mbili zinatosha.

*Inamfaa* mwenye kiendelezi cha matumizi ya ndani ya taasisi, na yeyote ambaye wasomaji wake wanaishi kwenye psql. Peke yake haitoshi. Ikiwa nyongeza, inalipa sana.

Njia ya nne: tovuti ya nyaraka yenye hazina yake

Miradi mikubwa ya nje, Citus ikiwa mfano, imeweka nyaraka kwenye hazina tofauti na ya msimbo, zikajengwa kwa zana kama Sphinx.

*Usomaji.* Utafutaji mzuri, picha, mafunzo ya hatua kwa hatua, mpangilio unaomfuata msomaji badala ya kufuata majina ya faili. Kwa anayejifunza kuanzia sifuri, ndiyo njia ya kirafiki zaidi.

*Toleo.* Inategemea nidhamu. Ukijenga nakala kwa kila toleo na kuweka kiteuzi juu ya ukurasa, uko salama, na hapa unaweza kufuata namba ya kiendelezi badala ya namba ya seva. Hatari ni injini za utafutaji: humleta msomaji kwenye ukurasa wa toleo la zamani naye hajui. Weka tangazo linaloonekana juu ya kila ukurasa wa zamani.

*Usahihishaji.* Dakika chache, na asiyejua C anaweza kuufanya. Ila utengano wa hazina una bei yake: badiliko la msimbo linaweza kuunganishwa bila mtu kugusa nyaraka, kwa kuwa mkaguzi wa upande mmoja haoni upande wa pili. Usipoweka kanuni kwamba badiliko la jina lisiunganishwe bila kiungo cha rekebisho la nyaraka, utakuta tovuti nzuri inayosema uongo.

*Mifano.* Inaweza kuendeshwa na mfumo wa majaribio kila inapojengwa, endapo mtu ataupanga na kuutunza.

*Inamfaa* mradi wenye mtu ambaye nyaraka ndiyo kazi yake, na wasomaji wengi wapya.

Kuzichanganya bila kuandika mara mbili

Njia hizi hazifukuzani. Tatizo huja maelezo yaleyale yanapoandikwa kwa mkono sehemu mbili, maana moja itasahauliwa. PostGIS wamelitatua kwa namna ninayoiheshimu: maelezo mafupi ya kila fanksheni yanaandikwa kwenye mwongozo wa DocBook, kisha kwa XSLT, lugha ya kugeuza XML, inazalishwa faili ya SQL, postgis_comments.sql, iliyojaa amri za COMMENT ON. Chanzo ni kimoja, msomaji wa kitabu na msomaji wa psql wanapata sentensi ileile. Huhitaji mradi wa ukubwa huo kuiga wazo hili, skripti fupi inayosoma jedwali la README na kutoa amri za COMMENT inaweza kufanya kazi hiyohiyo.

Na kwa njia yoyote utakayochagua, weka ulizo hili mwanzoni kabisa mwa nyaraka zako, kabla ya maelezo ya usakinishaji:

SELECT name, default_version, installed_version FROM pg_available_extensions WHERE name = 'jina_la_kiendelezi';

Namba mbili zikitofautiana, msomaji ameshajua kwa nini anachosoma hakifanani na anachokiona.

Kwa hali yako

Kama unatunza kiendelezi kimoja peke yako, kaa na README, uitaje kwenye DOCS, weka safu ya "tangu toleo", na uhamishie mifano kwenye majaribio. Usijenge tovuti kwa sababu tu wengine wanazo.

Kama unarekebisha moduli ya contrib, njia umeshapangiwa. Nguvu zako ziweke kwenye maswali mawili: kosa hili liko kwenye matawi mangapi, na msomaji ambaye kiendelezi chake kiko nyuma ya seva ataelewaje?

Kama kiendelezi ni cha ndani ya taasisi na seva hazifiki intaneti, anza na COMMENT kwenye kila fanksheni, ukiongeza README iliyosakinishwa pamoja nacho. Maoni yakaguliwe katika kila skripti ya kuhuisha.

Kama wasomaji wako wengi ni wageni wa hifadhidata na mna mtu wa kuitunza, tovuti itawafaa kuliko kitabu cha rejea. Rejea ya fanksheni iache kando ya msimbo na uiingize kwenye tovuti wakati wa kujenga, ili kwenye hazina ya pili yabaki mafunzo tu.

Kama umerithi kiendelezi chenye nyaraka zilizochakaa, usichague njia kwanza. Kisakinishe kwenye hifadhidata tupu, andika \dx+ na jina lake, na upate orodha ya kila kitu kilichomo pamoja na vigezo vya kila fanksheni. Pitia orodha hiyo ukiwa na nyaraka mkononi. Kilichopo kwenye orodha na hakipo kwenye maandishi ni pengo, kilichopo kwenye maandishi na hakipo kwenye orodha ni kosa, na fanksheni ambayo vigezo vyake havilingani, kama pg_stat_statements_reset iliyoongezewa minmax_only katika PostgreSQL 17, ichunguzwe kabla ya zote, kwa kuwa jina lake halijabadilika na hakuna atakayeishuku.